Fundi Fungua na Dawa ya Dizeli

Hakuweka sahihi yake chini ya kitu ambacho hakukifungua kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake, na haikuwa na kifungu cha pili. Mtu akimletea pampu ya mafuta na kumwambia imeshatengenezwa, imebaki kukaguliwa tu, alimjibu neno moja: "Fungua." Mwenye pampu akilalamika kwamba imefungwa jana, alijibiwa neno lile lile. Mwisho watu wakaliacha jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Fungua, na wenye adabu wakamwita Fundi Fungua.

Utani juu ya jina hilo haukuisha. Walisema akipelekewa kadi ya harusi hutaka kwanza kumfungua bwana harusi. Mkewe naye, ambaye hakuwa nyuma katika mzaha, aliwaambia majirani kwamba mumewe hufungua kila kitu duniani isipokuwa kinywa chake akiwa nyumbani.

Kanuni hiyo hakuzaliwa nayo. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, mkubwa wake wa kazi alimwambia pampu fulani iko sawa, naye akatia sahihi kwa heshima tu. Pampu ilikuwa imekwama ndani. Injini ilipowashwa ilikimbia bila kizuizi, ikajaziwa mafuta bila kipimo, mpaka mkanda ukakatika na kumpiga mwendesha mashine begani. Yule mtu hakuinua tena mkono wake wa kulia kupita kifua. Kila walipokutana barabarani alimsalimu fundi kwa mkono wa kushoto, bila kinyongo, na kila mara fundi aliona ni kama anasomewa hukumu upya. Afadhali ilikuwa hivyo. Kuna watu ambao makosa yao hayakutani nao barabarani, na ndio wanaoyarudia.

Kazi yake ya miaka ishirini na miwili ilikuwa katika kituo cha kusukuma maji ya mji. Kituo kilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe: jengo refu la mabati lenye sakafu iliyopakwa rangi nyekundu, na ndani yake injini mbili za dizeli zilizokuwa na umri mkubwa kuliko wengi wa waliozihudumia. Wafanyakazi waliziita Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo. Bibi Mkubwa aliamka polepole, akavuta moshi mweusi, kisha akafanya kazi siku nzima bila neno. Bibi Mdogo aliwaka upesi lakini alikuwa na hasira. Ukizima mmoja ukawasha mwingine, waendesha mashine walisema bwana amehamia nyumba ya pili. Zote mbili zikisimama, mji mzima ulikauka: hospitali, shule, nyumba za ghorofa na mabomba ya barabarani ambako watu walipanga ndoo tangu alfajiri.

Mabadiliko yaliletwa na lori la mafuta. Mwaka huo dizeli mpya ilianza kushushwa kituoni, dizeli iliyotolewa salfa karibu yote. Ilikuwa habari njema kwa mapafu ya watu, na fundi alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini pampu za injini kama zile hazina oili yao. Vyuma vilivyo ndani husuguana vikiwa vimeloana kwa dizeli ile ile inayopita kwenda kuunguzwa. Hiyo ndiyo inayovifanya viteleze. Kiwandani, salfa inapoondolewa, utelezi nao hupungua. Viwanda vingi huurudisha kwa kuongeza kilainishi kabla mafuta hayajatoka. Mafuta yaliyofika kituoni kwao, ama hayakurudishiwa, ama yalirudishiwa kidogo.

Fundi hakusikia jambo hili kwa mtu. Bibi Mdogo alianza kuwaka kwa shida akiwa na joto, na sauti yake ikawa na mkwaruzo mwembamba kama kisu juu ya sahani. Wengine walisema ni uzee. Fundi alifungua. Plunja zake mbili, vipande vya chuma vidogo kama ncha ya kidole vinavyosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini, zilikuwa na mistari ubavuni. Akampa mwendesha mashine wa zamu ya asubuhi, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa kuliko injini zote mbili, apitishe kucha mwenyewe. "Imekwaruzwa na paka," alisema yule mama. Fundi akamjibu kwamba paka mwenyewe yuko ndani ya tangi.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja alishauri watie oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye magari, kwa kuwa babu yake alifanya hivyo kwenye trekta. Fundi alimwambia oili chakavu imejaa unga wa chuma na masizi, na kuitia kwenye pampu ni kuipiga msasa kwa upole. Mwingine alitaja mafuta ya kupikia. Wa tatu alitaka mafuta ya taa, ambayo ni makavu kuliko dizeli yenyewe. Fundi hakumcheka yeyote, maana kuuliza si kosa. Kwa muda alitumia oili mpya, ile ya pikipiki inayochanganywa na petroli, kwa kipimo kidogo alichokiandika ukutani kwa chaki. Ilisaidia, lakini haikutosha, na hakuwaficha kwamba haikutosha.

Wakati huo huo alitafuta kilainishi cha kweli. Alikuwa na pikapu kuukuu, mali pekee ya maana aliyokuwa nayo baada ya nyumba, yenye pampu ya aina ile ile. Aliifungia plunja mpya, akajaza dizeli ya kituoni, akatia kilainishi alichokipata katika duka la vipuri, chupa ndogo isiyo na mapambo ambayo karatasi yake ilisema jambo moja tu: hulainisha pampu za dizeli zenye salfa kidogo. Miezi miwili aliendesha hivyo, kwenda kazini na kurudi, na Jumamosi akiwabebea majirani mchanga. Kisha akafungua. Plunja ziling'aa, hazina hata mstari. Alizitoa, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka kwenye kabati la nguo kati ya shuka za mkewe.

Ndipo akaandika ombi kwa ofisi, na hapo ndipo alipokosea. Katika mji ule, kitu chochote kinachotiwa kwenye tangi huitwa dawa. Cha kusafisha ni dawa, cha kuondoa maji ni dawa, cha kulainisha ni dawa. Neno hilo limewaharibia watu injini nyingi, kwa sababu anayesikia dawa hufikiri ugonjwa ni mmoja na kinachotakiwa ni kuongeza dozi. Fundi alilijua hilo, na alikuwa akiwagombeza wengine kwa ajili yake. Lakini siku ile aliandika upesi, kwa lugha ya wote: "Naomba dawa ya dizeli kwa ajili ya mashine zote mbili, ya kutosha mwaka mzima."

Ofisi ikaleta dawa ya dizeli. Madumu sitini ya bluu yalishushwa yakajaza nusu ya stoo. Aliyeyaleta alikuwa wakala mpya mjini, na wakala huyo alikuwa shemeji yake fundi, mume wa dada yake mdogo.

Fundi alisoma karatasi ya dumu mstari kwa mstari. Husafisha nozeli. Huondoa maji kwenye tangi. Huongeza nguvu. Hapakuwa na neno kulainisha. Akafungua kifuniko, akanusa, akapata harufu kali ya spiriti. Fomu ya kupokea mzigo ilikuwa na nafasi moja tupu, nayo ilimtaka fundi wa mashine athibitishe kwamba kilicholetwa kinafaa kwa kazi iliyoombwa. Akairudisha mezani kwa Meneja wa kituo bila alama.

Meneja hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa kutaka mafaili yafungwe. Alimkumbusha fundi kwamba ombi lilisema dawa, na dawa imekuja. Fundi akakubali kwamba neno lilikuwa lake na kosa lilikuwa lake, akaomba mzigo urudishwe ungali mzima. Meneja akasema mzigo ukirudi itabidi ofisi ijieleze juu, na akampa mwezi mmoja wa kufikiri. Fundi akasema hana haja ya kufikiri, ila atautumia mwezi huo.

Alichota dumu moja kwa ruhusa ya stoo. Nyumbani aliifungia pikapu yake plunja nyingine mpya, akatia dizeli ya kituoni na dawa ya bluu kwa kipimo kilichoandikwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Mkewe alimuuliza kwa nini asijaribie gari la ofisi. Alimjibu kwamba hawezi kumtilia mtu mwingine kitu anachoogopa kukitia kwenye tangi lake mwenyewe.

Jumapili ya tatu shemeji na dada walikuja kumtembelea. Shemeji alikuwa mchangamfu, mtu wa kuingia nyumbani kwa watu akiwa anacheka tayari. Alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akamtania shemeji yake kwa kuvaa shati lenye oili siku ya mapumziko, akasifia chai. Kisha akasogeza kikombe. Alieleza kwamba kampuni ya dawa ile imempa miezi michache ya majaribio, na mzigo wa kituoni ndio wa kwanza mkubwa. Ukikataliwa, wanampa uwakala mtu mwingine. Alikuwa ameacha kazi ya ualimu kwa ajili ya jambo hili. Dada alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Shem, kusafisha si ndiyo mwanzo wa kuteleza?" alisema shemeji. "Njia ikiwa safi, kitu kinapita."

"Ukitoka kuoga unapaka mafuta au unapaka spiriti?"

"Mimi napaka chochote dada yako anachoniwekea."

Wote walicheka, hata fundi. Kisha akamweleza taratibu kwamba dawa ile si bandia na wala si mbaya. Kwenye nozeli chafu ingefanya kazi yake. Lakini kwa pampu kavu ni sawa na kumpangusa mtu mwenye ngozi iliyopasuka kwa spiriti na kumwambia amelainika. Alimwomba auchukue mzigo mwenyewe, awaambie kampuni wabadilishe wapeleke kilainishi, na aliahidi kumsindikiza hadi ofisini kwao kueleza kwamba neno lililokosewa lilikuwa lake. Shemeji alisema kampuni yake haina kilainishi. Ina hiyo tu.

Ndipo dada yake akazungumza. "Kaka, ni sahihi tu. Kalamu hiyo hapo mfukoni mwako."

"Kalamu ni yangu, mdogo wangu. Bega la yule mzee lilikuwa lake."

"Yule mzee si ndugu yako. Huyu ni baba wa watoto wa dada yako."

Fundi alimpenda dada yake. Kaka ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsuka nywele kwa mikono yenye grisi na kumpeleka shule akiwa amemshika kifundo cha mkono. Angeweza kumwambia hayo, na hakuyasema, kwa kuwa wema unaotajwa wakati wa mabishano huwa umeshageuka deni. Alisema tu kwamba ikiwa ndani ya pampu patakuwa safi, atatia sahihi na kuomba radhi mbele ya kila mtu. "Na ikiwa si safi?" aliuliza dada. Dada alisimama, akachukua mkoba wake, na chai yake ikabaki kwenye kikombe.

Mwezi ulipotimia, fundi aliifungua pampu ya pikapu uani kwake, mbele ya mkewe. Haikuhitaji kucha. Mistari ilionekana ukiwa umesimama, na upande mmoja chuma kilikuwa kimeanza kuumana na mwenzake. Alipoijaribu mara ya mwisho kabla ya kuifungua, pikapu ilikuwa haiwaki tena. Hakuonyesha furaha ya kushinda. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaziangalia plunja zile kwa muda mrefu, na mkewe akamletea maji ya kunawa bila mzaha wowote.

Siku iliyofuata, saa ya kubadilishana zamu, alifika kituoni kwa miguu. Watu walikuwa katika chumba cha chai kilicho ubavuni mwa mashine: waendesha mashine wa zamu mbili, karani wa stoo, na Meneja aliyekuja kuichukua fomu yake. Fundi alitandika foronya nyeupe juu ya meza. Mkewe alikuwa amempa ile ya wageni, kwa sharti kwamba akiirudisha na doa ailalie yeye. Juu yake akaweka plunja zilizotumika na kilainishi, na pembeni plunja zilizotumika na dawa ya bluu. Pampu moja, dizeli moja, gari moja. Plunja za kwanza zilienda miezi miwili, za pili mwezi mmoja. Hakueleza zaidi ya hapo.

Mwendesha mashine wa asubuhi alizipapasa zote mbili akiwa amefumba macho. "Hii shavu la mtoto," alisema. "Hii kisigino changu." Watu walicheka mpaka karani akamwaga chai.

Meneja hakucheka. Alisema pikapu ni pikapu na mashine ni mashine, na kwamba hawakukusanyika kutazama vyuma. Fomu ilitaka sahihi moja.

"Sahihi yangu nitaitia leo," alisema fundi. "Ila haitakaa unapotaka ikae."

Kila injini ilikuwa na kitabu chake, daftari nene lenye jalada gumu, ambamo kila zamu iliandika saa, joto, mafuta na jambo lolote lililotokea. Kila aliyeingia zamu alilazimika kusoma ukurasa wa mwisho kabla ya kugusa mashine. Fundi alikichukua kitabu cha Bibi Mkubwa, kisha cha Bibi Mdogo, akaandika maneno yale yale katika vyote viwili: "Dawa iliyoletwa kwenye madumu ya bluu inasafisha, hailainishi. Nimefungua, nimeona. Isitiwe kwenye mashine hii." Akatia sahihi, kubwa, ya mtu asiyetaka kutafutwa.

Mwendesha mashine wa asubuhi aliivuta kalamu mkononi mwake. Chini ya maneno yale akaandika, "Nimesoma," naye akatia sahihi. Wa zamu iliyokuwa ikitoka akafanya vivyo hivyo ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyewaagiza.

Meneja aliondoka na fomu yake, na mchana huo alimpa karani wa stoo aisaini kwa niaba ya fundi. Mzigo ukawa umepokewa kwenye karatasi. Ikabaki kuutumia. Aliagiza dawa itiwe. Mwendesha mashine wa asubuhi alimfungulia kitabu, akamwonyesha ukurasa, akamwomba aandike chini yake kwa mkono wake kwamba itiwe, kisha yeye atatia mara moja bila kuuliza. Wa jioni alimwomba vivyo hivyo. Kwa siku tisa Meneja alikuja na kuondoka, na kwa siku tisa kalamu iliyokuwa nyepesi mkononi mwa karani ilikuwa nzito mkononi mwake. Hapo kila mtu mwenye macho alijua alichokuwa akikiamini Meneja kuhusu dawa ile.

Siku ya kumi fundi aliitwa ofisini. Juu ya meza kulikuwa na barua mbili. Moja ilimwachisha kazi kwa kuchafua kumbukumbu rasmi za kituo. Nyingine, ya kumbakiza kazini, ilikuwa haijasainiwa, na Meneja alimweleza kwamba ataisaini na kuichana ya kwanza ikiwa fundi atarudi kwenye vile vitabu viwili na kuandika chini ya maneno yake: "Nilikosea." Neno moja tu. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Fundi alisema kweli alikosea, na yuko tayari kuliandika. Walikwenda pamoja chumba cha mashine. Bibi Mkubwa alikuwa akifanya kazi, na iliwabidi kusemezana kwa ishara. Fundi akaandika katika kila kitabu, polepole, kwa herufi za kusomeka: "Nilikosea neno. Kwenye ombi niliandika dawa. Nilitaka kilainishi. Mengine yote ni kama nilivyoona." Akafunga vitabu, akamrudishia Meneja kalamu, akanyoosha mkono apewe barua ya kwanza.

Mwendesha mashine wa asubuhi alitaka kusema kitu akashindwa kwa kelele za injini. Alimpigia saluti kwa kitambaa cha kufutia oili.

Madumu ya bluu yalikaa stoo hadi wakaguzi wa kawaida wa mwaka walipokuja, wakasoma vitabu, wakauliza maswali ambayo Meneja hakuyapenda. Yakarudishwa yalikotoka. Ombi jipya liliandikwa, na safari hii liliandikwa kilainishi. Mpaka leo Bibi Mkubwa anaamka polepole na kuvuta moshi wake, Bibi Mdogo ana hasira zile zile, na maji yanafika ghorofa ya mwisho ya hospitali. Shemeji alinyang'anywa uwakala, akarudi kufundisha katika shule ya mbali kuliko ile ya kwanza.

Fundi siku hizi anatengeneza pampu uani kwake, chini ya bati alilolisimamisha mwenyewe, na wateja bado wanaambiwa wafungue kwanza. Hajawahi kusema anajuta, na wanaomuuliza hawaulizi mara ya pili. Lakini hesabu ya kweli lazima isemwe. Alipoteza kazi yake miaka mitatu kabla ya kustaafu. Pikapu imesimama juu ya matofali. Na dada yake, aliyemlea kwa mikono yake, hajaingia mlangoni mwake tangu Jumapili ile aliyoacha chai kwenye kikombe.